Kaburi la Beho Beho na Majina ya Kwetu

Ndugu zetu wa Kisaki, mlioko nyumbani na mlioko mjini,

Kusini-mashariki ya kwetu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lipo kaburi la askari ambalo wageni hutoka mbali kuja kuliona. Ni la Kapteni Frederick Courteney Selous, aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Pori la akiba jirani yetu lilipewa jina lake mwaka 1922, na ni mwaka 2019 tu sehemu yake kubwa ilipofanywa hifadhi yenye jina la Baba wa Taifa. Wengi wetu tumelitaja jina hilo tangu utotoni bila kumjua mwenyewe.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, katika nyumba yenye uwezo. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa Soko la Hisa la London. Mdogo wake, Edmund, aliandika vitabu vya ndege. Yeye alipenda pori, na akiwa na miaka 19 alifika kusini mwa Afrika kuwinda tembo. Mwaka 1890 aliongoza njia ya msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Wenyeji wa huko hawakumwalika, na hilo nalo limo katika wasifu wake.

Vita ilipoanza mwaka 1914 alikuwa na zaidi ya miaka 60. Kwanza alikataliwa kwa sababu ya umri, lakini hakuchoka kuomba. Mwaka 1915 akaja Afrika Mashariki na Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers.

Septemba 1916 mapigano yalifika Kisaki kwenyewe. Baada ya hapo majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalitazamana kwenye Mto Mgeta hadi mwanzo wa Januari, Waingereza walipoanza kusonga kuelekea Rufiji. Ndipo Selous alipopigwa risasi, akiwa na miaka 65. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 4 Januari, mwanawe Freddie, rubani wa ndege za kivita, naye aliuawa huko Ulaya. Mama mmoja alipoteza mume na mtoto katika vita moja.

Tunayajua yote haya kwa sababu yaliandikwa. Sasa tujiulize: mizigo ya majeshi yale ilibebwa na nani? Ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, katika tope la masika. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita ya Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani nao walichukua watu na chakula vijijini. Pale Dar es Salaam tunakwenda Kariakoo kila siku kununua bidhaa, na jina la mtaa ule limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Kwa sisi tunaoshika vitabu vya hesabu, jumla isiyo na orodha ni hesabu isiyofungwa. Kila mmoja katika hao 90,000 alikuwa na baba, mama na ukoo, kama Selous alivyokuwa nao. Tofauti ni kwamba wa kwake waliandika, wa kwetu walisimulia, na wasimulizi wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo, pamoja na mchango wa fedha, mwaka huu tunaomba mchango wa majina. Muulizeni bibi, babu, shangazi: nani katika ukoo alichukuliwa wakati wa vita ya Mjerumani? Aliitwa nani, mtoto wa nani, wa kijiji gani? Alirudi au hakurudi? Hata jina moja pekee linatosha kuanzia.

Sehemu ya fedha za harambee itanunua daftari kubwa litakalotunzwa nyumbani, na nakala yake itakaa shuleni ili watoto wasome. Majina yapokelewe na wawakilishi wa vijiji siku ya harambee, mezani palepale panapotolewa risiti. Kila jina litaandikwa mbele ya aliyelileta.

Karibuni sana, na Mungu awalaze mahali pema wazee wetu.