Mcheza Kwao Hutunzwa: Kilema na Jukwaa la Ngoma

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mcheza mwenye miguu miwili, wala mwenye mgongo ulionyooka. Walitaja kwao tu. Yafaa basi tuulize ni kwa njia gani mtu mwenye kilema alipoteza kwao katika ngoma za Dar es Salaam.

Katika ngoma ya kijijini watu husimama duara, na mpaka baina ya mchezaji na mtazamaji ni mwembamba. Kiwete aliyeketi aweza kuitikia, kupiga makofi na kutikisa mabega, naye akahesabiwa katika mchezo. Jukwaa lilibadili jambo hilo. Baada ya uhuru wa 1961 Serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Kazi hiyo ilikuwa njema, maana iliirudishia ngoma heshima iliyonyimwa na ukoloni. Lakini jukwaa lilidai safu zilizonyooka na viungo vinavyokwenda pamoja; hivyo mchezo uliokuwa wa wote ukawa kazi ya wateule. Bendi za dansi za Kinondoni nazo zilipotegemea wanenguaji kuvuta watu, uteuzi ulizidi ukali. Mnenguaji hupimwa kwa macho kabla ya kuulizwa neno.

Pengine msomaji atajibu kuwa sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya 1982 iliwataka waajiri wenye watumishi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa walemavu. Ile ya 2010 ikashusha idadi ya watumishi hadi 20, ikapandisha fungu hadi asilimia 3. Lakini ni vikundi vingapi vya ngoma vyenye watu 20 wa mkataba? Aghalabu wachezaji hugawana mapato ya mlangoni usiku uleule. Sheria hubisha hodi ofisini, na mnenguaji hana ofisi.

Tumtazame Remmy Ongala, aliyeishi Sinza, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Kinondoni. Alipatwa na kiharusi mwaka 2001, lakini aligeukia nyimbo za dini na kuendelea kuimba. Alifariki Desemba 2010, na hata leo watu husema wanashuka kwa Remmy. Hapana shaka kilema hakikumnyang'anya sanaa. Lakini yeye alikuwa mwimbaji, tena alikwisha kupata jina. Kijana anayeanza maisha katika kiti cha magurudumu hana jina la kumtangulia, na kazi anayoitaka ni ya mwili wenyewe.

Wala haifai kudai kuwa mwili huo hauwezi kucheza. Celeste Dandeker aliumia uti wa mgongo akicheza jukwaani mwaka 1973. Mwaka 1991 alishirikiana na Adam Benjamin kuanzisha Candoco jijini London, kundi la wachezaji wenye ulemavu na wasio nao. Huko mchezo ulitungwa upya kwa kufuata miili iliyopo.

Kwetu hatuhitaji kuazima fikra hiyo, maana duara la wazee lilikuwa nayo. Linalotakiwa ni mwalimu wa ngoma kumwacha mwombaji acheze kwanza, ndipo amhukumu. Hujafa hujaumbika: leo anayehukumiwa ni mwingine, na kesho huenda ukawa wewe.