Kunguru wa Lubumbashi

Pwani, ukimwita mtu kunguru umemtukana: ndege mwizi, mwoga, hafugiki. Lubumbashi, Kongo, ni sifa. Mashabiki wa klabu ya soka ya TP Mazembe hujiita Corbeaux, Kifaransa cha kunguru, na rangi nyeusi na nyeupe za jezi zinawafaa: kunguru wa huku ni mweusi mwenye kifua cheupe. Ajabu, nembo ya klabu ina mamba! Hata hivyo, mashabiki wakibishana juu ya safu ya ushambuliaji (“Papa, ule eko analala!”), anayelaumiwa ni kunguru aliyelala, si mamba. Mazembe ndiyo klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, Abu Dhabi, 2010. Watunga kamusi, ongezeni maana ya pili.