Chumvi na Moyo wa Wazee Afrika Mashariki

Shinikizo la juu la damu, linalohesabiwa leo kuwa maradhi ya uzeeni, lilikuwa nadra magharibi mwa Kenya takriban karne moja iliyopita. Daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kavirondo Kusini, aliandika mwaka 1929 katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakumkuta hata mmoja mwenye tatizo hilo. Alipowapima watu wa rika mbalimbali, aliona kuwa shinikizo lao lilielekea kushuka baada ya miaka 40, wakati la Wazungu lilizidi kupanda.

Chakula cha wenyeji kilikuwa ugali wa wimbi au mtama, kunde, maharage na mboga kama mnavu na mgagani. Chumvi ya dukani ilikuwa haba. Katika nyumba nyingi za eneo hilo, maganda makavu ya maharage yalichomwa, jivu likatiwa kwenye chombo kilichotobolewa chini, likamiminiwa maji, na maji ya kahawia yaliyodondoka yakalainisha mboga. Jivu la mimea lina potasiamu kwa wingi. Chumvi ya dukani ina sodiamu. Sodiamu ikizidi hubakiza maji mwilini na kupandisha shinikizo, nayo potasiamu husaidia figo kuitoa.

Nchini Uganda pia chakula kilihusishwa na afya ya moyo: watafiti A. G. Shaper na K. W. Jones walionyesha mwaka 1959 kwamba Waafrika, waliokula zaidi ndizi za kupika na viazi vitamu, walikuwa na kolesteroli ya chini kuliko Waasia, ambao maradhi ya mishipa ya moyo yaliwapata mara nyingi.

Swali likabaki: tofauti hizi hutokana na asili ya mtu au na maisha yake? Jibu muhimu lilitoka Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohamia jijini kutoka vijijini. Ndani ya miezi michache shinikizo lao lilipanda kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ukaonyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Ukoo haukubadilika, kilichobadilika ni maisha, chakula kikiwemo.

Kwa hiyo umri peke yake hauelezi kupanda kwa shinikizo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Kunde, mboga za majani na ndizi bado zinamfaa mzee, ila mwenye maradhi ya figo hana budi kumwuliza daktari kuhusu potasiamu.