Mkate wa Kifaransa ulipotelea wapi Kirando?

Wadau, leo nina swali la kizushi. Wafaransa walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Wakajenga, wakalima, wakazeeka, wengine wakazikwa huku huku. Sasa kwanini ukiamka asubuhi pale Kirando unakunywa chai kwa maandazi, chapati au muhogo wa kuchemsha, na si kwa mkate wao? Mwingereza katuachia slesi. Chapati tumepata kwa Mhindi. Mfaransa, ambaye duniani kote anajulikana kwa mkate kuliko kitu kingine chochote, katuachia nini mezani?

Kwa wale ambao Rukwa wanaisikia tu kwenye utabiri wa hali ya hewa, Kirando iko ufukweni mwa ziwa, Wilaya ya Nkasi. Ukitoka Namanyere unashuka kutoka juu kwenye uwanda mpaka unaliona ziwa, na ukifika chini unavua sweta. Si utani. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, wakati Uwanda wa Ufipa unapita mita 1,500 na sehemu nyingine unavuka 2,000. Chini ni migebuka, dagaa na mihogo. Juu ni mahindi, maharage, ulezi na, sikiliza hili vizuri, ngano. Ngano haipendi joto. Kwa hiyo mtu wa Kirando akitaka mkate, lazima unga utoke mahali pengine, iwe juu mlimani au mbali zaidi. Hiyo ndiyo stori yenyewe.

Hao Wafaransa walikuwa mapadri wa White Fathers, shirika lililoanzishwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza ulitoka pwani mwaka 1878 na kufika Ujiji Januari 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa Karema, kaskazini ya Kirando, ngome iliyojengwa na Wabelgiji wa Mfalme Leopold II. Kutoka hapo wakasambaa mwambao wote wa ziwa, Kirando ikiwemo, kisha wakapanda mpaka uwandani. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza vikariati yao tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, na aliandika kitabu kizima kuhusu watu wa mwambao huu.

Padri anaweza kuishi kwa ugali, na wengi waliishi hivyo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikuwa na mbadala. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, hostia ya misa lazima iwe ya ngano tupu. Si ulezi wala mahindi wala muhogo, hata kama ndicho chakula pekee ambacho waumini wanakijua. Bila ngano hakuna misa, basi. Unga wa kubebwa kichwani na wapagazi kutoka Bagamoyo, mwendo wa miezi, ukipigwa na mvua na wadudu, haukuwa wa kutegemea. Ndiyo maana misheni za uwandani zilianza kulima ngano, na ndiyo maana zao hili bado liko Ufipa mpaka leo. Kabla hujasema ni zawadi ya Ulaya, kumbuka kwamba wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikuwa wanalima ngano tayari wakati akina Stanley na Livingstone wanapita pale mwaka 1871 na 1872. Mfaransa alikuta wenzake wameshatangulia.

Sasa hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Tukisema mkate wa Kifaransa tunafikiria ule mrefu kama fimbo, baguette, unaopasuka ganda ukiuvunja. Waliopita Bujumbura au Kalemie wanaujua, na ukienda Unguja kuna boflo ambalo ni kama ndugu yake. Lakini mapadri waliofika ziwani 1879 hawakuujua kwa jina hilo. Jina baguette kwa maana ya mkate linaonekana kwenye kanuni za bei za jiji la Paris mwaka 1920 tu. Ganda lile lilitokana na tanuri la mvuke, ambalo lilipata umaarufu Paris baada ya August Zang kutoka Austria kufungua duka lake la mikate ya Vienna karibu mwaka 1839. Kwa hiyo hata "Ufaransa" wenyewe wa ule mkate una mkono wa Mwaustria! Halafu mwaka 1919 ikaja sheria ya kuzuia waokaji kufanya kazi kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri, na inasemekana fimbo nyembamba ilishika kasi kwa sababu inaiva haraka kabla ya chai ya asubuhi. Zile hadithi za askari wa Napoleon kubeba mikate kwenye suruali ziacheni kama zilivyo. Mwaka 2022 UNESCO wakauweka utamaduni wa baguette kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika, utadhani umekuwepo tangu enzi za Nuhu.

Vijana wa mashambani wa Ufaransa waliokuja kuwa mapadri walikulia kwenye mkate mwingine kabisa: mkubwa, wa mviringo, mzito, wa kukaa siku kadhaa, unaookwa kwa tanuri la kuni. Huo ndio mkate ambao ungeweza kuzaliwa Kirando.

Na ulihitaji nini? Serikali ya Ufaransa ilitoa amri mwaka 1993 kulinda mkate wa jadi, na kimsingi ukiisoma unabaki na vitu vinne: unga wa ngano, maji, chumvi na chachu. Hebu tuhesabu. Maji, una ziwa la pili kwa kina duniani. Chumvi ya Uvinza ilikuwa inauzwa pande zote za ziwa kabla Mzungu hajatia mguu, na upande wa Ziwa Rukwa watu wa Ivuna walikuwa wanachemsha chumvi karne nyingi nyuma. Chachu? Jamani, nchi ya pombe ya ulezi ikose chachu? Povu la pombe linaumua unga bila shida yoyote, kama ambavyo watu wa pwani walivyoumulia vitumbua na mikate yao kwa tembo la mnazi. Na ngano ilikuwa juu mlimani. Hakuna kilichokosekana.

Usiniambie tanuri lilikuwa tatizo. Wafipa walijenga malungu, yale matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma, yenye urefu wa karibu mita 3, yanayovuta hewa yenyewe bila mivuo. Baadaye chuma kilisafishwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, hilo ndilo la mivuo. Waliendelea na kazi hiyo mpaka ndani ya karne ya 20. Mtu anayeweza kutoa chuma kwenye udongo na mkaa, tanuri la mkate kwake ni mchezo wa watoto.

Kwa hiyo kama vitu vyote vilikuwepo, kwanini mkate haukutoka nje ya ua wa misheni?

Lugha inatoa jibu fulani. Angalia maneno. Mkate ni neno letu la Kibantu, la zamani kuliko misheni yoyote. Hata tumbaku iliyofinyangwa tunaiita mkate wa tumbaku. Tanuri ni la Kiarabu. Hamira, la Kiarabu pia. Slesi ni Kiingereza na chapati ni Kihindi. Tafuta neno la Kifaransa kwenye mkate wa Kirando, hulipati. Neno pekee lililokuja na mapadri ni hostia, na lenyewe ni Kilatini. Maana yake nadhani iko wazi: watu waliouza mkate kama chakula walitoka pwani, wakaja na vyombo vyao na maneno yao. Wafaransa walileta ngano kama kitu cha altareni. Unakipokea ulimini kidogo, unarudi nyumbani kula ugali. Kitu kitakatifu hakiingii jikoni kirahisi.

Sababu nyingine ni za kawaida tu. Ngano ya kusaga kwa mkono ni kazi, na ulezi unakupa uji, ugali na pombe kutoka ghala moja. Halafu andazi linahitaji karai na mafuta, dakika chache mtu anauza. Mama wa Kirando anayewahi wavuvi wanaorudi na mitumbwi alfajiri hana saa 3 za kusubiri donge liumuke. Mimi kwa kweli simlaumu.

Uhuru ulipokuja tulifanya jambo la ajabu kidogo. Miaka ya 1970 Dar es Salaam ilijengewa kiwanda cha mkate cha mitambo kwa msaada wa Kanada. Mchumi Andrew Coulson aliandika kukikosoa, kwamba fedha zile zingetosha kuanzisha matanuri madogo mengi na kuajiri watu wengi zaidi. Wakati huo huo, Kanada hiyo hiyo ilisaidia mashamba ya ngano ya serikali kule Basotu, Hanang, karibu ekari 100,000. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na miaka ya 1980 wakaenda mahakamani kuidai. Yaani slesi ya Dar ilikuwa na kesi ndani yake. Ngano ya Ufipa, ambayo haikumfukuza mtu, haikupewa mitambo ya namna hiyo.

Matokeo yake mnayajua. Nchi inahitaji karibu tani milioni 1 za ngano kwa mwaka na inavuna sehemu ndogo sana ya hiyo. Kiasi kikubwa kinaingia kwa meli. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili ambazo kwa pamoja zilikuwa zinauza zaidi ya robo ya ngano yote ya biashara duniani, bei ya unga ilipanda mpaka kwenye karai la mama ntilie. Andazi likapungua unene. Hebu fikiria: mtu yuko Nkasi, wilaya ambayo ngano inaota, na chai yake inasumbuliwa na vita vya Bahari Nyeusi. Hili linaniudhi kuliko suala zima la Wafaransa.

Hapo sasa narudi kwenye mkate wenyewe, maana kuna jambo la kuchekesha. Wafaransa wengi hawaoki mkate huu nyumbani, wananunua. Sababu ni mvuke. Dakika za kwanza ndani ya tanuri lazima kuwe na unyevu ili ganda lisikauke mapema, mkate upate nafasi ya kutanuka. Oveni ya nyumbani haina mvuke huo. Mmarekani Julia Child, alipokuwa anaandaa kitabu chake cha pili cha mapishi ya Kifaransa kilichotoka 1970, alihangaika na mumewe kuoka mikate isiyo na idadi, mpaka profesa Raymond Calvel wa Paris alipowaelekeza. Walifikia hatua ya kutumbukiza jiwe la moto kwenye maji ndani ya oveni. Novemba 2006 gazeti la New York Times likachapisha njia ya mwokaji Jim Lahey: usikande, acha donge lilale usiku kucha, kisha oka kwenye chungu kizito chenye mfuniko. Mvuke unatoka kwenye donge lenyewe na mfuniko unauzuia. Watu wakashangilia dunia nzima.

Sasa niambie, chungu chenye mfuniko na moto pande zote ni kitu gani kama si sufuria yetu, mkaa juu na mkaa chini? Dada zetu wanaoka keki hivyo tangu siku nyingi. Hata hamira ya chenga ndogo ndogo tunayonunua dukani, inayochanganywa moja kwa moja na unga, ilianza kuuzwa na kampuni ya Kifaransa, Lesaffre, miaka ya 1970. Huenda hapo ndipo Mfaransa alipojificha siku zote: kwenye andazi.

Fanya hivi. Unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, hamira robo kijiko cha chai, usizidishe. Maji mililita 360 hivi. Koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, donge litanata, liache linate. Funika. Sumbawanga kwa baridi ile liache saa 15 hata 18; Kirando saa 8 zinatosha, ukichelewa linachacha mpaka linanuka pombe. Likunje mara mbili tatu kwa mkono wenye unga, lipumzike saa 1 kwenye kibati kilichopakwa unga. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu chini, pasha moto na mfuniko wake. Weka kibati ndani, funika vizuri, mkaa mwingi juu, kidogo chini. Usichungulie. Baada ya dakika 30 funua mvuke utoke, rudisha mfuniko na mkaa dakika 15 nyingine, mpaka ganda liwe kahawia na ukiligonga lisikike kama ngoma tupu.

Utakuwa wa mviringo, si fimbo. Uache upoe kabla ya kuukata, maana ndani bado unaiva. Mimi naula na dagaa wa Kirando waliokaangwa na pilipili, ingawa najua kuna watakaosema nimeharibu vyote viwili.