Kengele inayolia mtu anaponyamaza

Ving'ora viko vya aina mbili. Kipo kinacholia kwa sababu kuna mtu amefanya jambo: mwizi amevunja mlango, moto umewaka, mgonjwa amebonyeza kitufe. Na kipo kinacholia kwa sababu mtu hafanyi jambo lolote. Ametulia mno. Hajasogea, hajafungua mlango, hajachemsha maji. Hiki cha pili ndicho ninachotaka tukizungumzie wiki hii, kwa kuwa kimefika Akheri, tena kimefika nyumbani kwa mama yangu mkubwa, na kimenisumbua kuliko nilivyotazamia.

Kwa asiyepafahamu, Akheri ni kata iliyo kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru. Ukitoka mjini Arusha kwenda Moshi, unafika Tengeru, unaiacha barabara kuu na kupanda kushoto, katikati ya migomba na kahawa. Ni mahali penye kijani kibichi mwaka mzima. Pia ni mahali palipoingia katika vitabu vya historia kwa habari ya usiku mmoja ambao watu walihitaji msaada na msaada haukufika kwa wakati.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Chama cha Misheni cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuwa wamelala katika hema lao hapo Akheri. Walikuwa vijana, walitokea nchi za Baltiki ambazo zama hizo zilikuwa chini ya Tsar wa Urusi, na walikuja kutafuta mahali pa kujenga kituo. Kambi ya Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani huko Moshi, haikuwa mbali nao. Wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha walilivamia hema, wakawaua wote wawili pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao, kisha wakaishambulia na kambi ya Johannes. Yaliyofuata yanajulikana. Johannes alirudi na askari wake pamoja na wasaidizi kutoka Kilimanjaro, migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Misheni yenyewe haikupata makazi katika nchi ya Meru mpaka mwaka 1902, ilipofunguliwa Nkoaranga.

Mimi si mwanahistoria, nina stashahada ya uandishi wa habari na redio yangu basi. Lakini kila nikiisimulia habari hii huwa nawaza jambo moja. Wale vijana wawili, hata kama walipata nafasi ya kupiga yowe, yowe hilo lingefika kwa nani? Mlima mzima ulikuwa na masikio. Kila boma lilikuwa na watu waliozoea kuamka usiku na kushika mikuki mara wasikiapo ukunga. Ila hao wenye kuitika ndio hao hao waliokuja na mikuki. Mgeni aliyepiga hema hakuwa ndani ya duara la yowe.

Duara hilo lilikuwa kitu halisi, si maneno ya mapambo. Katika jamii nyingi za nchi yetu yowe lilikuwa sheria kabla hatujawa na polisi. Anayelisikia huacha alichoshika, hutoka, na hulipokeza kwa jirani wa pili. Asiyetoka ataulizwa kesho yake kwa nini hakutoka, na jibu la "nilidhani ni walevi" halikumwokoa mtu. Msidhani ni mambo ya Waafrika peke yao. Uingereza iliandika katika Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 kwamba wananchi wote wanapaswa kuitika yowe na kumfuata mhalifu. Na hapa kwetu, Wasukuma walipochoshwa na wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianzisha Sungusungu, wakaufufua mwano, yaani yowe lao la zamani, na asiyeitika alitozwa faini. Serikali ikalipa jambo hilo nafasi katika sheria mwaka 1989.

Wameru nao walipiga yowe moja kubwa ambalo dunia ililisikia. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulifikisha shauri la watu wake Umoja wa Mataifa. Lilisikilizwa, lilijadiliwa, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura. Yowe likafika, mwitikio ukakwama njiani. Tutarudi hapo.

Sasa yowe lina kasoro moja: linahitaji mwenye pumzi. Aliyeanguka akazirai hapigi yowe. Wazee wetu walilijua hilo, na bila kuliandika popote walikuwa na kengele ya kimya. Asubuhi, nyumba ya nyasi isiyofuka moshi ilikuwa inatoa taarifa. Jirani anatazama, anaona paa la bibi fulani limekauka, anamtuma mtoto akaombe kaa la moto, na mtoto huyo, bila kujua, ndiye mkaguzi. Mfereji wa maji nao ulisema. Zamu ya fulani imefika, hakuja kufungua maji kwenda shambani kwake, ana nini? Hakuna mtu wa mlimani aliyepitwa na zamu yake ya maji kwa uzembe. Ukiona maji yamempita, ujue kuna tatizo.

Ulaya ya wakati ule walikuwa na hofu ya kinyume chake, na hapa mtaniruhusu nichepuke kidogo. Mwaka 1897, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya Akheri, mtumishi mmoja wa jumba la kifalme la yule yule Tsar wa Urusi, Count Karnice-Karnicki, alitangaza uvumbuzi wa jeneza lenye bomba linalopanda hadi juu ya kaburi. Maiti akijitikisa kifuani, bomba lingefunguka kuingiza hewa, bendera ingeinuka, na kengele ingelia. Watu waliogopa kuzikwa wakiwa hai. Tatizo, kama mtakavyokisia, ni kwamba maiti huvimba na kusogea wenyewe. Kengele ya namna hiyo ingewaamsha walinzi wa makaburi bure.

Waliolichukulia jambo la kimya kwa makini zaidi walikuwa watu wa reli. Treni za umeme zilipoanza kuendeshwa na mtu mmoja, bila mwenzake wa kuchochea makaa, likazuka swali: dereva akifa kwenye kiti je? Wakatengeneza mpini ambao lazima aubane muda wote. Akiuachia, umeme unakatika na breki zinashika. Fikra hiyo baadaye ikahamia kwa wazima moto, ambao hubeba kifaa kidogo kiunoni. Zimamoto asipotikisika kwa takriban nusu dakika, kinapiga kelele ili wenzake wamtafute ndani ya moshi.

Kukiingiza nyumbani kwa mzee kulingoja simu ienee. Mwaka 1974 huko Marekani mwanasaikolojia Andrew Dibner alianzisha kampuni ya Lifeline. Chombo chake kilikuwa na kitufe cha kubonyeza, lakini pia kilikuwa na saa: mzee asipotumia simu kwa muda uliopangwa, chombo chenyewe kinapiga kuomba msaada. Mwelewe hapo, msikilizaji. Dibner hakutegemea mtu aseme nimeanguka. Alitegemea mtu asiseme kitu.

Wajapani walilifikisha mbali zaidi, na kwa njia iliyonigusa. Mwaka 1996 mjini Tokyo mama mzee na mwanawe mgonjwa walikutwa wamekufa ndani ya nyumba yao, na siku nyingi zilikuwa zimepita. Nchi ikaona haya. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ikatoa birika la umeme lililounganishwa na mtandao. Mzee akichemsha maji ya chai, birika linaandika. Mara mbili kwa siku ujumbe unakwenda kwa mtoto wake aliye mji mwingine: mama amekunywa chai. Ujumbe ukionyesha birika halijaguswa, mtoto anapiga simu. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu studio. Wamezunguka na waya zote hizo wakafika kwenye moshi wa paa la bibi wa Akheri! Tangu mwaka 2018 zipo na saa za mkononi ambazo mvaaji akianguka kwa kishindo na kutulia dakika moja, zinapiga simu zenyewe kwa huduma za dharura.

Na sisi je? Moshi haupo tena juu ya paa. Kahawa ilileta mabati, jiko likajitenga na nyumba, na sasa mtungi wa gesi unaingia. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, moshi umewamaliza macho na vifua mama zetu, sitaki mtu aniandikie barua kwamba nautetea. Nasema tu kwamba jiko la gesi halionekani kwa jirani. Balozi wa nyumba kumi, ambaye TANU ilimpa kazi katika miaka ya 1960 na ambaye alijua nani amelala wapi na nani ana mgeni, tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 amebaki kuwa mtu wa chama kimoja, na nyumba nyingine hazimtambui. Ukuta wa matofali umechukua nafasi ya ua wa masale. Na watoto tumeondoka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wenye miaka 60 au zaidi ni kama 6 katika kila 100. Idadi hiyo inaonekana ndogo ukiwa Kariakoo. Panda Akheri siku ya kazi, saa nne asubuhi, uhesabu nywele nyeupe.

Mama mkubwa alianguka wakati wa masika, mwaka juzi, kwenye njia ya zizini. Amepita miaka 80, anaishi peke yake kwa hiari yake na kwa ubishi wake. Nyonga ikagoma. Alipiga yowe, anasema, mpaka sauti ikakauka, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati ya watu wote. Akalala hapo chini usiku kucha, amejifunika kanga na majani ya mgomba. Aliyemwokoa ni kijana anayepita alfajiri kukusanya maziwa. Dumu halikuwapo juu ya ukuta mahali pake. Angeweza kwenda zake, maana ana nyumba nyingine nyingi za kupitia. Akaita, akasikia kimya, akaruka ukuta.

Tulimtibu, akasimama tena kwa fimbo. Mjukuu wake aliyeko Texas akatuma kidude cha kuvaa mkononi. Mvaaji asiposogea kwa muda, kinapiga simu kwa namba zilizoandikwa ndani yake, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya mjukuu mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekinunua. Ya pili ya Dar es Salaam, ya tatu ya Mwanza, ya nne yangu mimi niliye hapa mjini Arusha. Hakuna namba hata moja ya Akheri. Sikuliona hilo, nakiri. Wala hakuna kituo cha kupokea simu za namna hiyo kama walivyo nacho wenzetu. Tunayo 115 ya m-mama, inayomtafutia gari mama mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura, hata kwa kutumia madereva wa vijijini waliojiandikisha, na inafanya kazi nzuri. Kwa bibi aliyeanguka zizini hakuna namba yake.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, kidude kikalia. Texas ilikuwa saa nane usiku. Mjukuu akaruka kitandani, akapiga kwa bibi, kimya. Akapiga kwa jirani ambaye namba yake aliikumbuka, imezimwa. Akanipigia mimi akiwa analia. Niliacha chai mezani. Kutoka mjini mpaka Tengeru nilimsumbua kila mwenye daladala, na njia yote nilikuwa namwona pale zizini chini ya majani ya mgomba.

Nilikikuta kidude kimening'inia kwenye msumari pembeni mwa kioo, kinawaka taa nyekundu. Nyumba ilikuwa imefungwa vizuri, ufunguo uko kwa jirani, na jirani yuko kanisani, ndiyo maana simu yake ilikuwa imezimwa. Nilichungulia dirishani nikakaa kwenye ngazi kusubiri. Saa sita walitokea njiani, wanawake kama kumi, yeye katikati na fimbo yake, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kinanikwaruza nikishika kitabu cha nyimbo," akasema. "Na mimi nisipofika kanisani, mwanangu, hawa wataimba beti ngapi kabla hawajauliza niko wapi?"

Amekubali kukivaa, kwa masharti. Namba ya kwanza sasa ni ya kijana wa maziwa, na kila mwezi tunamlipia vocha na kidogo cha kumshukuru. Ya pili ni ya jirani mwenye ufunguo, ambaye ameahidi kutoizima simu yake, bali kuiondoa sauti. Ya tatu ni yangu. Texas ni ya sita.