Safari Walizozikataa Manahodha wa Kilwa

Wageni wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani hupelekwa kwanza Msikiti Mkuu, kisha Husuni Kubwa, kisha Gereza. Huelezwa habari za dhahabu ya Sofala na za masultani waliojenga kwa mawe ya matumbawe, magofu ambayo UNESCO iliyaweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yote hayo ni kweli na yanastahili kusimuliwa. Ila manahodha hawatajwi, na hasa manahodha wazee, waliojua siku ya kutweka tanga na siku ya kukaa barazani. Mimi ni mjukuu wa mmoja wao. Nimezaliwa Kilwa Kivinje na nimefundisha historia katika wilaya hii hadi kustaafu, na naamini kwa dhati kwamba ukuu wa Kilwa ulitokana na watu waliojua kupangilia mwaka.

Tuanze na pepo zenyewe. Kaskazi hushika Desemba na kuvuma hadi Machi. Ndiyo iliyovishusha vyombo vya Uarabuni, Uajemi na Gujarati. Kusi huingia Aprili, hukaza Juni na Julai, kisha hulegea kuanzia Agosti na kutupa ule msimu mzuri wa demani. Lakini kaskazi huishiwa nguvu kadiri chombo kinavyozidi kwenda kusini. Chombo cha mbali kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua na kurejea na kusi ya mwaka ule ule. Aliyetaka kufika Sofala kwenyewe, kusini zaidi, alikuwa na hatari ya kupitwa na msimu na kulala ugenini hadi mwaka wa pili. Kwa hiyo dhahabu na pembe za ndovu zililetwa Kilwa kwa vyombo vya pwani, zikawangoja wageni hapa. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa utajiri uliotoka katika hesabu hiyo. Ibn Battuta alipoitembelea Kilwa mwaka 1331, naye aliifuata: alishuka na kaskazi, akaondoka kwa bahari kuelekea Dhofar.

Hesabu hiyo ilikuwa elimu, na walioibeba walikuwa wazee. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mji ambao leo ni Ras al-Khaimah, alikuwa rubani, mtoto wa rubani na mjukuu wa rubani. Alitunga shairi refu juu ya njia ya Sofala, njia inayopita mbele ya Kilwa, na kitabu chake kikubwa alikiandika mnamo 1490, alipokwisha kuwa mtu mzima wa miaka mingi baharini. Humo alipanga siku za kuondoka katika bandari mbalimbali kwa kuhesabu kuanzia Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa jua, pamoja na siku ambazo ukizipita, safari imefungwa.

Pwani yetu ina hesabu ya ukoo mmoja na hiyo. Mwaka wa baharia ni wa siku 365, unaanza na Nairuzi yetu, yaani Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi wangali wanaisherehekea kwa Mwaka Kogwa, na umegawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Mwezi mwandamo ni wa ibada. Mkulima na baharia hushika miongo, kwa sababu mvua na pepo hufuata jua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na jahazi hapo Kivinje. Alichukua boriti za mikoko, ufuta na ng'onda kwenda Unguja na Dar es Salaam, akarudi na nguo, sukari na mafuta ya taa. Ujanani, mama alinisimulia, alikuwa akisafiri hata Juni, akitoka Unguja kurudi kwao huku kusi inamkabili usoni, akibisha mchana na usiku na mabaharia wakivuta foromali kutoka upande huu kwenda upande ule. Watu walimsifu kwa nguvu zake. Mimi nilimkuta mzee, macho yameanza ukungu na magoti hayapendi tena kuchuchumaa, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko wakati ule.

Alikuwa ameukata mwaka vipande. Demani alisafiri mwenyewe, na hapo ndipo alipofanya biashara ya maana. Wakati wa kaskazi alishuka hadi Lindi na Mikindani, lakini usukani alimwachia mjomba, yeye akiketi tezi bila kusema mpaka chombo kikaribie mlango wa bandari. Penye miamba ndipo alipoinuka na kuushika. Nguvu alizobakiwa nazo alikuwa haziweki katika maili za bahari kuu, ambazo kijana yeyote angeziweza. Aliziweka pale ambapo kosa moja linavunja chombo.

Tangu masika hadi kusi ilipolegea, jahazi lilikuwa nchi kavu. Lilipandishwa kwa maji ya bamvua. Pwani ya Kivinje maji yakipwa hupwa mbali, na chombo kilibaki kimeegemea magogo, tumbo lote wazi. Mafundi walikwangua magamba, wakakalafati nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha wakapaka deheni ya chokaa na shahamu, kwa viganja vya mikono. Babu alishona tanga kivulini, akala, akalala mchana. Wapita njia waliodhani amechoka walishangaa kumwona demani akitoka wa kwanza, chombo chepesi na yeye mwenyewe hana maumivu.

Nakumbuka mfanyabiashara aliyekuja nyumbani mwezi wa Aprili. Alikuwa na boriti zilizokwisha kukatwa na mnunuzi anayengoja Unguja, na alikuwa tayari kulipa mara mbili.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Babu alimsikiliza hadi mwisho, akaagiza aletewe kahawa, kisha akamjibu: "Hizi ni tanga mbili. Pepo hazijaamua, na mimi siamui kabla yao. Boriti haziozi. Njoo mwongo wa tatu baada ya kusi kulegea, nitakuchukulia kwa bei ya kawaida."

Hakuwa mwoga. Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimeipiga Unguja na kuangamiza vyombo vilivyokuwa bandarini, na Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi yetu wenyewe. Wazee waliyahifadhi mambo hayo kama sehemu ya hesabu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani hii na kukata barabara ya Lindi, wale waliosikia maneno ya wazee juu ya miezi ya kugeuka kwa pepo hawakuona jambo geni.

Hekima hii ya kuchagua msimu si ya bahari tu. Mwaka 2016 Roger Federer, bingwa wa tenisi kutoka Uswisi, alisumbuliwa na goti na akapumzika nusu mwaka. Januari 2017, akiwa na miaka 35, alirudi akatwaa ubingwa wa Australia kwa kumshinda Rafael Nadal katika seti tano. Kisha akauacha msimu wote wa viwanja vya udongo, hata mashindano makubwa ya Paris, ambako mechi huwa ndefu na miguu hulipa gharama. Julai akaingia Wimbledon, akashinda bila kupoteza seti hata moja. Hapa nyumbani tunaye Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Baadaye alihamia marathoni, na akiwa amepita miaka 30 alishinda Berlin mwaka 1987 na tena 1988. Mkongwe hushinda kwa kuchagua uwanja, umbali na siku, na kila anachokichagua kinamgharimu kitu anachokiacha.

Wala ukongwe si hirizi. Mwaka 1939 mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika delta ya Rufiji, jirani zetu wa kaskazini, ndani ya chombo cha Kuwait kilichokuja kuchukua boriti. Nahodha alikuwa Ali bin Nasr al-Najdi, mmoja wa manahodha hodari wa Ghuba. Mtu huyo aliyeikata Bahari ya Hindi kwa tanga alizama mwaka 1979, uzeeni, alipokwenda kuvua samaki karibu na kwao. Bahari haipunguzi nguvu kwa ajili ya sifa ya mtu. Ndiyo maana babu aliikagua siku kila mara kana kwamba ndiyo safari yake ya kwanza: alitoka alfajiri, akasikiliza umande shavuni, akatazama nyota, kisha ndipo akasema ndiyo au la.

Kwa miaka mingi bahari ndiyo iliyokuwa barabara ya Kilwa na Lindi, kwani masika mto Rufiji na matope yake yalitufungia njia ya nchi kavu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilomita moja, mizigo ilihamia kwenye malori, na hilo ni jema; wagonjwa na wanafunzi wetu wamenufaika. Lakini pamoja na majahazi imeondoka shule iliyokuwa ikiwafundisha vijana kukataa safari. Leo boti ya mashine hutoka siku yoyote kwa kuwa mashine inaweza, na mwenye boti hupima mafuta kabla ya kupima hali ya hewa.

Hatuwezi kuyarudisha majahazi, wala sidai hivyo. Ninachodai ni elimu yake. Vijiji vya pwani kuanzia Somanga hadi Mchinga vina vikundi vya BMU vya kusimamia fukwe, na karibu kila kimoja kina mzee anayeweza kutaja mwongo tulio nao, upepo wake, samaki wake na hatari yake. Shule zetu zina watoto wanaojua kuandika. Walimu wenzangu wa Kilwa na Lindi, wapelekeni watoto hao kwa wazee hao, waandike mwaka mzima, mwongo baada ya mwongo, na nakala ibaki shuleni na nyingine kwa BMU. Kazi hii haihitaji mfadhili, inahitaji daftari na mtu wa kuanza. Ianzeni Nairuzi ijayo.