Sikio na Kipimo: Historia ya Amplifaya ya Nyumbani, 1947–1978

Mnamo miezi ya Aprili na Mei mwaka 1947, jarida la Uingereza liitwalo Wireless World lilichapisha makala mawili ya mhandisi kijana wa Edinburgh, D.T.N. Williamson, juu ya namna ya kuunda amplifaya ya sauti yenye ubora wa hali ya juu. Makala hayo yalijaa michoro, hesabu na maelezo ya vipuri. Hayakukusudiwa kuzusha mjadala wowote. Hata hivyo, yalisaidia kuleta sebuleni swali ambalo hadi wakati huo lilikuwa la maabara: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba mtambo wa sauti ni mzuri, chombo cha kupimia au sikio la msikilizaji? Kwa mtu aliyeunda au kununua amplifaya mpya, akaunganisha waya zake na kuketi mbele ya spika, swali hilo halikuwa la nadharia tu. Akiba ya miezi kadhaa ilikuwa imekwisha kutumika.

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kueleza kazi ya mtambo wenyewe. Sindano ya gramafoni hutoa umeme hafifu sana, wa sehemu chache za elfu ya volti. Spika nayo huhitaji nguvu nyingi ili isukume hewa chumbani. Amplifaya husimama katikati kama mkalimani: yatakiwa aseme kwa sauti kubwa kile alichoambiwa kwa kunong'onezwa, bila kuongeza wala kupunguza neno. Valvu, iliyoanzia katika kazi za Fleming wa Uingereza mwaka 1904 na de Forest wa Marekani mwaka 1906, iliwezesha ukalimani huo, lakini haikuwa mkalimani mwaminifu. Ikipokea sauti mbili kwa pamoja, tuseme moja ya hezi 400 na nyingine ya hezi 1000, hutoa hizo mbili pamoja na vivuli vyake, yaani sauti za hezi 600 na 1400 ambazo hakuna aliyezipiga. Mtu aliyezoea gitaa la Katanga hatapata taabu kuielewa kasoro hiyo. Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, alipiga nyuzi nene na nyuzi nyembamba kwa pamoja, kila upande ukisema maneno yake. Amplifaya mbaya huzichanganya sauti hizo mbili zikawa ukungu mmoja, na msikilizaji asiyejua hudhani kwamba mpigaji ndiye aliyechanganya.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana kwa ajili ya simu, si kwa ajili ya muziki. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell, alikuwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Tatizo lililomsumbua ni kwamba simu ya masafa marefu hupita katika amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja huongeza kosa lake juu ya kosa la mwenzake. Wazo likamjia, akaliandika kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo mkononi: sehemu ya sauti inayotoka irudishwe mwanzoni ikiwa imepinduliwa, ilinganishwe na ile iliyoingia, na tofauti baina yao, ambayo ndiyo kosa, ijifute yenyewe. Huo ndio uitwao mrejesho hasi. Gharama yake ni kwamba ukuzaji hupungua. Mrejesho ukiushusha ukuzaji mara kumi, upotoshaji nao hupungua takriban mara kumi. Tena iko hatari nyingine: sauti iliyorejeshwa ikichelewa njiani, hufika wakati usiofaa, na badala ya kusahihisha kosa hulikuza, mtambo ukaanza kulia wenyewe. Nyquist, mwenzake Black katika maabara zilezile, alitoa kanuni ya kutambua hatari hiyo mwaka 1932. Hati ya uvumbuzi ya Black ilitolewa mwaka 1937 tu.

Kwa nini basi jambo hili lingoje hadi baada ya vita ndipo liingie nyumbani? Sababu mojawapo ilikuwa santuri zenyewe. Kampuni ya Decca, iliyokuwa imefanya kazi ya kunasa sauti za nyambizi wakati wa vita, ilianza kutoa santuri zenye masafa yaliyofika takriban hezi 14,000. Ndani ya mifereo ya santuri hizo mlikuwa na mambo ambayo gramafoni za kawaida hazikuweza kuyatamka. Sababu nyingine ilikuwa mabaki ya jeshi. Katika maduka ya Lisle Street na Tottenham Court Road mjini London valvu, transfoma na vipimo vya umeme viliuzwa kwa bei nafuu, na wanaume wengi waliotoka jeshini walikuwa wamefundishwa kulehemu waya na kusoma mchoro. Tayari mwaka 1945 Harold Leak alikuwa ametangaza amplifaya aliyoiita «Point One», jina lililotokana na upotoshaji wake wa asilimia 0.1. Hapo mtu alianza kuuziwa tarakimu pamoja na chombo.

Williamson naye alifikia kiwango hichohicho, lakini alitoa mchoro wake kwa umma. Amplifaya yake ilikuwa na ngazi nne, na mwishoni valvu mbili aina ya KT66 zilizofanya kazi kwa kupokezana, zikitoa wati 15 kwa upotoshaji usiozidi asilimia 0.1. Jambo la ujasiri lilikuwa kwamba mrejesho ulianzia baada ya transfoma ya mwisho, ile inayounganisha valvu na spika, ukarudi hadi ngazi ya kwanza kabisa. Kwa hiyo makosa ya transfoma yalisahihishwa pamoja na ya valvu. Sharti lake ni kwamba transfoma hiyo iwe njema kupita kawaida: nyuzi zake za shaba zisokotwe kwa sehemu nyingi zinazopishana, ili sauti isichelewe ikaleta ile hatari aliyoitambua Nyquist.

Hapo ndipo waundaji wa nyumbani walipokwama. Wengi walifuata mchoro kwa uaminifu isipokuwa mahali pamoja: walinunua transfoma ya bei rahisi. Matokeo yalikuwa ya aina mbili, na yote mawili yalimdanganya msikilizaji. Katika aina ya kwanza, amplifaya ilitetemeka kwa masafa ya juu kupita uwezo wa sikio. Hakuna sauti iliyosikika, lakini valvu zilipata moto kupita kiasi na muziki ukawa na ukwaruzo usioeleweka asili yake. Oskiloskopu ingalionyesha ugonjwa mara moja. Ni nyumba chache zilizokuwa na oskiloskopu. Katika aina ya pili, mtetemo ulikuwa wa chini mno, na ingawa sikio halikusikia kitu, jicho liliweza kuona karatasi ya spika ikienda mbele na nyuma polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Kuna wakati ambapo kipimo pekee ndicho kilichojua ukweli, na kuna wakati ambapo macho yalitosha.

Kuiwasha kwa mara ya kwanza kulikuwa na taratibu zake, na aliyezipuuza aliweza kupoteza zaidi ya fedha. Volti 450 zilitembea chini ya bati la fremu, na kapasita ziliendelea kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Spika ilipaswa kuunganishwa kwanza, kwa sababu amplifaya ya valvu ikipigishwa kwa nguvu bila spika huweza kuiunguza transfoma yake. Kisha mkondo wa kila KT66 ulipimwa na kurekebishwa mpaka valvu mbili zikalingana. Ikiwa mayowe makali yalisikika mara tu mtambo ulipopata joto, fundi alijua kwamba mrejesho umeunganishwa kinyume. Alizima, akangoja, akabadilishana ncha mbili za transfoma. Ikiwa ni mvumo mnene, alitafuta waya wa ardhi uliofungwa mahali pawili badala ya pamoja. Ndipo santuri iliwekwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi amplifaya njema ilisikika vibaya kuliko ile ya zamani, kwa sababu ilifichua mikwaruzo ya santuri na udhaifu wa sindano ambao mtambo mbovu ulikuwa umeusitiri.

Santuri ya muda mrefu, iliyotolewa na Columbia nchini Marekani mwezi Juni 1948, ilipunguza malalamiko hayo. Peter Walker wa Huntingdon alitoa Quad II mwaka 1953, nayo ikawa chaguo la wale wasiotaka kuchoma vidole. Nchini Marekani, Hafler na Keroes walitangaza mwaka 1951 njia ya kuziunganisha valvu za mwisho iliyotoa nguvu zaidi bila kupoteza usafi, na kampuni ya Heathkit iliuza amplifaya ya Williamson ikiwa vipande ndani ya sanduku, mnunuzi aiunganishe mezani kwake. Majarida na matangazo ya miaka hiyo yaliichora burudani hii kuwa ya mwanamume, huku mke akichorwa kama mlalamishi wa kelele na wa masanduku yaliyojaa sebuleni. Historia ya sauti inayosahau kwamba sebule ilikuwa ya watu wawili itakuwa imepotoshwa kuliko valvu yoyote. Kuhusu jina lenyewe, hai-fai, lenye maana ya uaminifu mkubwa wa sauti, msemaji wa Kiswahili akilitamka kwa haraka hupata hukumu kamili ya ubishi uliofuata.

Tukio la wazi kabisa la kulipa sikio nafasi yake lilikuwa lile la Novemba 1954 katika ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London. Gilbert Briggs, mwenye kampuni ya spika ya Wharfedale, akisaidiwa na Walker, aliwakutanisha wapigaji hai na santuri mbele ya umati, wasikilizaji wakilinganisha papo hapo. Alifanya vivyo hivyo Carnegie Hall, New York, mwaka 1955. Sauti mbili, yaani stirio, iliyokuwa imebuniwa na Alan Blumlein katika hati ya mwaka 1931, ilifika kwenye santuri za madukani mwaka 1958 na kumlazimisha kila mwenye amplifaya moja kutafuta ya pili.

Mgogoro halisi uliletwa na transista. Ilivumbuliwa katika maabara za Bell mwezi Desemba 1947, miezi michache tu baada ya makala ya Williamson, na kufikia mwaka 1963 Leak alikuwa akiuza Stereo 30 iliyoitumia. Ilikuwa ndogo, baridi, na haikuhitaji ile transfoma ya mwisho. Tarakimu zake zilipendeza. Lakini wasikilizaji wengi wa amplifaya za mwanzo za transista walilalamika kwamba sauti ni ngumu na inachosha, na wahandisi kadhaa wakawacheka.

Wasikilizaji walikuwa na haki. Katika amplifaya hizo, transista mbili hugawana kazi: moja hubeba nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Penye makabidhiano, karibu na sifuri, wimbi huvunjika kidogo. Sauti ikiwa kubwa, mvunjiko huo ni sehemu ndogo ya jumla, na asilimia huonekana nzuri. Sauti ikiwa ya chini, mvunjiko uleule huwa sehemu kubwa. Valvu kwa kawaida hufanya kinyume: kosa lake hukua pamoja na nguvu. Viwanda vilipima penye nguvu kamili, ilhali watu husikiliza muziki kwa wati moja au pungufu. Zaidi ya hayo, makosa ya transista yalikuwa ya harmoniki za juu, ambazo huliudhi sikio kuliko zile za chini. D.E.L. Shorter wa BBC alikuwa amependekeza tangu mwaka 1950 kwamba harmoniki hizo zipewe uzito zaidi katika hesabu. Ushauri wake haukufuatwa na wauzaji. Kipimo hakikusema uongo. Kilijibu swali ambalo hakuna msikilizaji aliyeliuliza.

Nchini Marekani wauzaji walizidi mipaka kwa kutangaza wati za kufikirika, zilizodumu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ililazimisha kutajwa kwa nguvu ya kudumu, pamoja na upotoshaji na masafa yake, baada ya mtambo kufanyishwa kazi saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu, kiwango kilicho karibu na joto lake la juu kabisa. Hata wati za kweli zilipotosha. Kutoka wati 10 hadi 20 ni ongezeko la desibeli 3 tu. Ili sauti ionekane kuwa maradufu, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara kumi. NAD 3020 ya mwaka 1978, yenye wati 20 tu na bei ya chini, ilijipatia sifa kwa sababu iliweza kuzisukuma spika ngumu ambazo amplifaya zenye tarakimu kubwa zaidi zilizishindwa.

Mwaka huohuo Wireless World ilichapisha jaribio la James Moir. Amplifaya tatu za Walker, moja ya valvu na mbili za transista, zilisikilizwa na watu wasioambiwa ni ipi inayolia. Jambo la lazima katika jaribio kama hilo ni kuisawazisha sauti kwa uangalifu, kwani tofauti ndogo kabisa ya ukubwa hulifanya sikio lidhani kwamba iliyo kubwa ndiyo bora. Majaribio mengi ya madukani huharibika hapo. Wasikilizaji wa Moir hawakuweza kuzitofautisha kuliko mtu anayebahatisha. Wapinzani walijibu kwamba mtu anayefanyiwa mtihani hasikilizi kama mtu aliyeketi nyumbani jioni, na kwamba uchovu wa sikio huja baada ya siku nyingi. Jibu hilo si la kupuuzwa, ingawa walioliamini kwa nguvu zaidi walikuwa wale waliokwisha kulipa.

Williamson hakushiriki ubishi huo. Alikuwa ameacha mambo ya sauti zamani, akawa bingwa wa mitambo ya viwandani inayoongozwa na kompyuta, na alifariki mwaka 1992. Valvu za KT66 zinaendelea kutengenezwa, sasa nchini China na Urusi, na wapo wanaouunda mchoro wa mwaka 1947 hadi leo. Kipuri cha gharama kubwa kuliko vyote bado ni transfoma ya mwisho.